Kipande cha Waya Mahali pa Rilei

Vijana wangu, fundi atakayewaambia kwamba rilei ya pampu ya petroli ikifa mnaweza kuichomoa, mkatia kipande cha waya na gari likaenda, hasemi uongo. Gari litakwenda. Mimi nimetia vipande vya waya namna hiyo kwa miaka, na wenye magari walinishukuru, wengine wakaniletea na mikungu ya ndizi. Ndiyo maana nataka mnisikilize mimi kabla hamjamsikiliza yeye.

Nilikuwa fundi umeme wa magari. Gereji yetu ilikuwa Amani, karibu na uwanja wa mpira, na siku za mechi kubwa watu waliegesha mbele ya lango letu tukashindwa kutoa hata toroli. Sasa nimeacha kazi, si kwa kuchoka bali kwa macho. Siku moja nilimwambia mke wangu anipe ile kanga ya kijani nifunikie redio, akaniuliza, "Kijani ipi, mume wangu? Hii buluu." Fundi umeme asiyejua kijani na buluu ataunguza gari la mtu. Wiki ileile niligawa vifaa vyangu.

Nyinyi mnachomeka waya mmoja chini ya usukani, simu inawaambia gari linaumwa nini. Naona raha, na wivu kidogo ninao. Lakini yako magari yasiyo na pa kuchomeka kitu. Nasema yale ya zamani yaliyoachana na kabureta yakaanza kupuliza petroli kwa nozeli, yenye pampu ya umeme huko nyuma karibu na tangi, na boksi la fyuzi lililotengenezwa kabla baba zenu hawajaoa. Yamo Unguja mpaka leo. Watu wanayapaka rangi upya, wanayafunga maua ya harusi, wanapigwa nayo picha Forodhani. Rangi inang'aa, na chini ya dashibodi nyaya ni zilezile, zimekauka mpaka ukizikunja zinavunjika gamba.

Mwalimu wangu alikuwa Fundi Mselem, Mungu amrehemu. Mita aliidharau. Alikuwa na globu ya taa ya breki aliyoiunga nyaya mbili mwenyewe, na hiyo ndiyo hospitali yake nzima. Mimi nilikuwa nimenunua mita mpya, naringa nayo. Gari likaletwa, pampu haizunguki, nikapima: volti kumi na mbili kamili. Nikasema pampu imekufa, iagizwe nyingine. Fundi Mselem akaweka globu yake palepale nilipopima. Ikawaka wekundu hafifu, mfano wa ubani unaokaribia kuisha.

"Volti zako ziko wapi?" akaniuliza.

"Zipo, Fundi. Hebu tazama mita."

"Haya, iambie mita yako iisukume gari mpaka Bububu."

Tulipochuna ule waya, ndani nyuzi zote zilikuwa zimeliwa na kutu ya kijani, umebaki uzi mmoja. Uzi mmoja unatosha kuidanganya mita, kwa sababu mita haiombi kitu. Globu inaomba kazi, na waya mbovu hauwezi kazi. Basi kabla hamjamuagizishia mtu pampu, fungeni globu kwanza. Kisiwani kwetu hewa ya chumvi inaingia kila mahali, na kutu huanzia ndani ya gamba ambako jicho halifiki.

Kosa langu la kwanza kubwa lilikuwa la fyuzi. Fyuzi za magari yale ni vijiti vidogo vya kauri vyenye ukanda wa bati kwa nje, vimebanwa ncha mbili. Ncha zikipata kutu fyuzi inapata moto, inakatika bila sababu. Siku ile fyuzi hakuna, mwenye gari ana haraka, nikafanya wanavyofanya wengi: nikaizungushia karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Taa zikawaka vizuri sana. Gari halikufika hata Darajani. Waya ukashika moto chini ya dashibodi, yule bwana akatoka mbio akaacha kiatu kimoja ndani. Alirudi gerejini kwa miguu, kiatu mguu mmoja, akasimama mbele ya Fundi Mselem.

Fundi Mselem hakunipiga. Alinipa lile fungu la nyaya zilizoungua akaniambia nizichambue moja moja, nimuoneshe ulipoanzia moto. Kutwa nzima. Jioni akanieleza kwamba fyuzi haikuwekwa kuilinda redio wala taa, imewekwa kuulinda waya, na unene wa waya ndio unaochagua fyuzi. Nililielewa somo hilo kwa fyuzi. Kwa rilei sikulielewa, na hapo ndipo anapoingia Bi Mwanakheri.

Bi Mwanakheri ni wa Jambiani, kiongozi wa kikundi cha kinamama wakulima wa mwani. Marehemu mumewe alikuwa baharia, akarudi na gari la Kijerumani la rangi ya maziwa, la nozeli. Alipofariki, nduguze walidhani mjane ataliuza. Mjane akajifunza kuendesha. Akawa analipakia magunia ya mwani, anawapeleka wenzake hospitali, anawapeleka harusini. Siku moja ya jua kali alikuja nalo gerejini, uso umemvimba kwa hasira.

"Fundi, gari hii inanfanyia inda," akasema. "Asubuhi nzima kabisa. Jua likipanda, inakufa njiani. Nkikaa nusu saa inafufuka, utasema si yenyewe."

"Ikifa, ukifungua ufunguo unasikia kitu huko nyuma?"

"Kitu gani?"

Nikafungua ufunguo, nikamuita asogee nyuma. Pampu ikalia kidogo, nzzz, ikanyamaza. Nikamwambia huyo ni nyuki wako, ndiye anayesukuma petroli. Ufunguo ukifunguliwa analia kidogo, injini ikizunguka analia moja kwa moja, injini ikisimama ananyamaza. Akacheka. Alipenda kujua mambo, na mimi nilipenda kujionesha.

Tatizo nililiona upesi. Rilei ni swichi tu, inawashwa na umeme mdogo ipitishe umeme mkubwa. Lakini rilei ya pampu katika magari haya ina akili kidogo: inasikiliza injini. Injini ikisimama, hata ufunguo ukiwa wazi, inakata pampu. Nilipoifungua ile ya Bi Mwanakheri nikakuta lehemu imepasuka ndani, ufa mwembamba wa unywele. Ikipata joto ufa unaachana, ikipoa unashikana. Dawa yake ni kuyeyusha lehemu upya, kazi ya robo saa kwa mwenye pasi ya kulehemu.

Pasi ninayo. Umeme wa mtaa umekatika tangu asubuhi.

"Utarudi saa ngapi?" akauliza Bi Mwanakheri.

"Hajui mtu."

"Mie nna wenzangu pwani, mwani ushavunwa, magunia yanangoja. Maji yakijaa yatachukuliwa."

Nikachomoa rilei, nikachukua kipande cha waya mwekundu, nikaupa pampu umeme wa ufunguo moja kwa moja. Fyuzi sikuweka. Nikaufunga vizuri nyuma ya boksi, nikamwambia, "Nenda. Wiki ijayo pita nikulehemie hiyo rilei." Alipita wiki ijayo? Gari lilikuwa zima, apite kutafuta nini? Na mimi nilimfuata? Rilei yake ilikaa ndani ya kopo la maziwa pamoja na skrubu, na kila nilipotafuta skrubu niliiona nikaisogeza pembeni.

Semeni kweli, nani kati yenu hajafanya hivyo? Tuna jina lake kabisa, tunaita dairekti. Mteja mwenyewe anakuja anasema, "Fundi, nipigie dairekti, sitaki mambo mengi." Na tukishampigia anatuona mabingwa, kwa sababu mwingine alitaka kumuagizia kifaa na sisi tumelitoa gari kwa kipande cha waya.

Miaka mitatu ikapita. Asubuhi moja gari la rangi ya maziwa likaletwa juu ya lori, ubavu mmoja umebonyea wote. Bi Mwanakheri akateremka upande wa abiria, mkono umevunjika, umefungwa plasta ngumu. Nikakimbilia kumpa pole. Hakutaka pole.

"Kaa, Fundi," akaniambia. Nikakaa juu ya ringi la gari. Yeye alibaki amesimama.

"Nnatoka mjini, nshapita Kitogani, ng'ombe huyo barabarani. Nkamkwepa. Gari ikaingia mtaroni ikalala ubavu. Mie nnaning'inia kwenye mkanda. Injini imezima, kimya. Watu wanakuja mbio, wananambia usiogope, mama, usiogope. Halafu nkamsikia nyuki."

Nikageuka kuangalia ule ubavu uliobonyea.

"Nzzz. Hanyamazi. Petroli inanuka mpaka machozi yanantoka, naiona inateremka kwenye kioo. Na mmoja katika hao waliokuja kuniokoa ana sigara mdomoni. Nkapiga kelele, nkautafuta ufunguo kwa mkono huu mzima, nkazima." Akanitazama. "Ulinambia mwenyewe, injini ikisimama nyuki ananyamaza. Kwa nini hakunyamaza?"

Vijana wangu, majibu niliyokuwa nayo yalikuwa mengi. Mpira wa petroli ulikuwa wa zamani, umepasuka. Gari lenyewe la zamani. Ng'ombe hana mchungaji. Yote yalikuwa kweli na yote yangenifaa. Nilihisi aibu imenipanda mpaka masikioni, na moyo wangu ulinambia mara mbili nimlaumu ng'ombe.

"Kwa sababu mimi nilimfunga asinyamaze," nikasema. Nikamueleza habari ya rilei yote, na ule waya, na kopo la maziwa.

Nilitegemea matusi, nilikuwa tayari kuyapokea.

"Mangapi?" akauliza.

"Mangapi nini, Bi Mwanakheri?"

"Magari, Fundi. Mangapi umeyafanya hivi?"

Nikahesabu kwa vidole. Ukiliacha lake, nilikumbuka saba.

"Basi yangu utaanza nayo, na mie ntakuja hapa nkutazame. Halafu hizo saba utazitafuta."

"Mengine hata sijui yako wapi."

"Unguja si kubwa hivyo," akasema.

Tukaanza, na safari hii nikaamua sitaunga kiraka juu ya kiraka. Nilivua dashibodi, viti, zulia na kila kitu. Sikilizeni jinsi ya kuifanya kazi hiyo, kwa sababu wengi wanaiharibu saa ya kwanza. Usikate waya hata mmoja kabla hujaufunga kitambaa chenye jina lake. Nyaya mbili zenye rangi moja hufanana sana zikiwa mezani. Mimi nilitumia vipande vya plasta ya jeraha na kalamu, na Bi Mwanakheri ndiye aliyekuwa akisoma na kuandika, kwa mkono wake mzima. Mara ya kwanza nilipomwambia "andika honi" na kumbe ni waipa, alinikamata yeye kwa kuufuata waya kwa kidole mpaka mwisho.

Chini ya zulia la buti nilikuta mambo. Magunia ya mwani mbichi yalikuwa yakivuja maji ya bahari humo kwa miaka. Pale nyaya zinaporudisha umeme kwenye bodi palikuwa unga mweupe na kijani, skrubu haijulikani ilipoishia. Nikamtazama, akatazama pembeni.

"Gari ya marehemu ilikuwa ya kupakia magunia?" nikauliza.

"Na yako ya kuendea wapi, hiyo vespa isiyo na kioo? Fanya kazi, Fundi."

Nikahamisha arthi zote, ndizo hizo nyaya za kurudisha umeme, nikaziweka juu, mahali pakavu, nikakwangua rangi mpaka bati likang'aa, nikafunga kwa boliti na washa yake ya nyota, nikapaka grisi. Waya unapoingia kwenye plagi uacheni uning'inie kidogo kabla haujapanda, maji yadondokee pale chini yasifuate waya mpaka ndani. Maungio yote niliyabana kwa koleo maalumu, nikavika mpira wa kusinyaa kwa joto, na hakuna ungio hata moja nililoliacha chini ya zulia.

Boksi la zamani lilikuwa na fyuzi nane, kila moja imebeba mambo matatu. Nikaweka boksi jipya la fyuzi bapa, kila kazi na fyuzi yake, pampu yake peke yake, nozeli zake peke yake. Taa kubwa nikazipa rilei, kwa maana katika magari yale umeme wote wa taa hupita kwenye swichi ya dashibodi na swichi huyeyuka. Kisha nikaweka rilei mpya ya pampu, ya namna ileile inayosikiliza injini. Ilichukua wiki nyingi kufika kutoka ng'ambo, na katika wiki zote hizo Bi Mwanakheri hakuniambia hata mara moja nimpigie dairekti.

Siku ya kuliwasha alikuja na wenzake wawili wa kikundi. Injini ikaitika kwa mara ya pili ya stata. Wakapiga vigelegele. Yeye akainua mkono wapunguze.

"Izime, lakini ufunguo uache."

Nikachomoa waya wa koili. Injini ikafa. Ameinama nyuma ya gari, sikio karibu na tangi. Nyuki akalia sekunde moja hivi, akanyamaza.

"Tena," akasema.

Tulifanya mara tatu. Mara ya tatu alikaa chini palepale kwenye vumbi akalia, na mimi nikaenda kujifanya natafuta spana, kwa sababu hata mimi nilikuwa nalia.

Baada ya hapo nikaagiza rilei nyengine za namna ile, na zilipofika nikapanda vespa. Wenzangu gerejini waliniona nimerukwa na akili, fundi mzima anamfuata mteja ambaye hana shida. La kwanza nililipata Mtoni, teksi ya bwana mmoja mkali. Nilipomwambia nataka kumfungulia gari, aliniuliza, "Gari yangu nzima, miaka minne haijasimama, unataka uiharibu upate kazi?" Nikamwambia sitaki kitu, nataka waya wangu. Akanifukuza. Kesho yake nikarudi nikakaa barazani kwake. Siku ya tatu nikaenda na Bi Mwanakheri. Yeye alimsalimia tu, akamuonesha mkono uliovunjika akamsimulia habari ya sigara. Bwana yule akaenda mwenyewe kufungua boneti.

Jengine lilikuwa Pemba, nikapanda meli nikatapika njia nzima. Jengine nililikuta Fuoni limegeuzwa banda la kuku, halina injini wala magurudumu. Nikaingia hivyohivyo chini ya dashibodi, kuku wananirukia, nikautoa waya. Mwenye banda alicheka mpaka akakaa. "Kuku wangu sasa wako salama?" akaniuliza. Chekeni na nyie, lakini nilikuwa nimesema saba, na lile lilikuwa la nne.

Sita nimeyapata. La saba sijalipata, na macho yangu hayaendeshi tena vespa.

Ni gari la milango miwili, la kijani. Kijani kweli, wakati huo macho yalikuwa mazima. Mwenyewe alikuwa mpita njia, jina sikumuuliza, aliniambia anawahi mkutano nikamtengenezea kwa dakika kumi. Limeshauzwa, nasikia, labda limeshapakwa rangi nyengine. Huenda kesho likaja kwenu kutengenezwa taa, limefungwa maua ya harusi. Msitegemee kuutambua waya kwa ubaya wake. Kazi yangu ilikuwa safi, niliona fahari kuficha, utadhani umetoka kiwandani: waya mwekundu, umepita nyuma ya boksi la fyuzi, ncha zote mbili zimezungushwa utepe mweusi mara tatu. Kila gari la zamani la nozeli litakalokuja mbele yenu, lizimeni injini ufunguo ukiwa wazi, mtege sikio nyuma. Ikiwa pampu bado inalia, msimrudishie mtu gari lake.

Bi Mwanakheri hunipigia simu kila Ijumaa baada ya sala. Haulizi afya wala watoto kwanza. Anauliza, "Ushaipata?" Nami namjibu bado.

Nyumba yangu ni Amani, uliza kwa fundi mzee wa umeme, utaoneshwa. Usinipigie kuniambia umeutoa. Uje nao mkononi, niushike.